Kujiamini na akili mnemba: wastani wa 4.2 hautoshi

"Ninajiamini kutumia akili mnemba kutatua matatizo ya masomo yangu." Chini ya kauli hiyo kuna visanduku vitano, kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa". Mwanafunzi anaweka tiki, mtafiti anajumlisha, wastani unatoka 4.2 kati ya 5, na ripoti inaandikwa kwamba wanafunzi wana kiwango cha juu cha kujiamini. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kauli za aina hii zimekuwa njia nyepesi ya kupata data za tasnifu, za ripoti ya semina na za andiko la kuombea fedha. Lakini mkuu wa idara akiishika namba hiyo mkononi hawezi kuamua jambo lolote. Haimwambii afundishe nini, amsaidie nani, wala kama semina aliyoigharamia imezaa matunda. Kuna wakati hata inampoteza njia.

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania tunao watu wa kutosha kulifanya hili vizuri. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambako wanafunzi wa uhandisi na kompyuta wanakutana na zana hizi kila siku. Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kinachoandaa walimu watakaokwenda kufundisha sekondari nchi nzima. Kipimo kizuri hakidai fedha nyingi. Kinadai wiki kadhaa za uvumilivu, na moyo wa kupokea matokeo yasiyopendeza.

Kasoro ya kwanza ya kauli ile ni kwamba haitaji kazi. Tatizo lipi? Kwa zana ipi? Katika hali gani? Mwanafunzi wa kidato cha pili Makete aliyewahi kuomba mpangilio wa insha kwenye WhatsApp anachagua 4. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetafuta kosa kwenye programu yake ya kompyuta naye anachagua 4. Namba ni moja, lakini hakuna kinachowaunganisha.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeiweka wazi dhana ya kujiamini kwa kazi mahususi (self-efficacy) mwaka 1977, alitenganisha mambo mawili ambayo kauli ile inayachanganya: mtu kujiona wa thamani, na mtu kuwa na hakika kwamba anaweza kufanya kazi fulani katika hali fulani. La pili ndilo linalosaidia kutabiri kama mtu atathubutu kuanza kazi na kama ataendelea inapokuwa ngumu. Mwaka 2006 alitoa mwongozo wa kutengeneza vipimo vyake, na hadi leo ni mahali pazuri pa kuanzia. Kauli iseme "naweza". Isiseme "nitafanya" wala "napenda", kwa sababu nia na mapenzi ni habari nyingine. Jibu litolewe kwa namba kuanzia 0 hadi 100, kwa hatua za kumi kumi: 0 ni siwezi kabisa, 50 naweza kwa kiasi, 100 nina hakika kabisa naweza. Kichwa cha karatasi kisitaje kujiamini. Kiandikwe kitu cha kawaida, tuseme "Tathmini ya kazi za masomo", ili mhojiwa asianze kujipamba kabla hajafika swali la kwanza.

Kisha kuna zoezi la kuizoea mizani, ambalo watu wengi huliruka na baadaye wakalalamika kwamba wanafunzi "wamejaza hovyo". Mwongozo ule unatumia kunyanyua vitu vya uzito unaopanda. Kwetu inafaa kuandika: una hakika kiasi gani kwamba sasa hivi unaweza kunyanyua ndoo ya maji ya lita 10, ndoo ya lita 20, mfuko wa mbolea wa kilo 50, gunia la mahindi la kilo 100? Anayeandika 100, 90, 40, 0 ameielewa mizani. Anayeandika 100 kote ameshakuonyesha, dakika ya tatu tu, kwamba anahitaji kueleweshwa upya. Ni nafuu kumwelewesha hapo kuliko kuligundua jambo hilo data zikiwa tayari ndani ya kompyuta.

Jambo kubwa zaidi katika mwongozo huo ni ngazi za ugumu. Ukimuuliza mtu kuhusu kazi isiyo na kikwazo, atakuambia anaweza, na wenzake wote watasema hivyo hivyo. Alama zinajazana juu, tofauti kati ya mwanafunzi na mwanafunzi inapotea, na hakuna hesabu ya takwimu itakayoirudisha. Dawa yake ni kuichukua kazi ileile na kuiongezea uzito kauli baada ya kauli.

Kwa kutatua matatizo, mgawanyo unaofaa ni ule wa mwanahisabati George Polya wa mwaka 1945: kulielewa tatizo, kupanga, kutekeleza, kisha kurudi nyuma kukagua. Kila hatua ina sura yake akili mnemba inapoingia. Kwenye kuelewa, kauli inaweza kuwa: "Naweza kutambua taarifa inayokosekana kwenye swali kabla sijaiuliza mashine." Kwenye kupanga: "Naweza kuamua sehemu ipi ya kazi niipe mashine na ipi niifanye kwa mkono wangu." Kwenye kutekeleza: "Naweza kuandika ombi lenye vipimo vyote na masharti ya jibu ninalolitaka." Kwenye kukagua: "Naweza kugundua kosa la hesabu ndani ya jibu lililoandikwa kwa ufasaha."

Hiyo ya mwisho ndiyo ya kupandisha ngazi. Naweza kugundua kosa hilo jibu likiwa kwa Kiingereza. Naweza kuligundua bila kuuliza programu nyingine. Naweza kuligundua zikiwa zimebaki dakika tano. Naweza kuligundua, na kulisema, wakati wenzangu wote kwenye kundi wameshalikubali jibu. Hapo ndipo namba za darasa huanza kutawanyika. Kwa hiyo sioni sababu ya kuzigawia hatua nne idadi sawa ya kauli. Ukianza na kauli 26, ziache 10 ziwe za kukagua, kwa kuwa mwanafunzi asiyejua kuandika ombi zuri atapata jibu bovu na huenda akaliona, lakini asiyejua kukagua analipeleka jibu bovu kwenye mtihani, kwenye ripoti ya mafunzo kwa vitendo, na baadaye kazini.

Kuna kauli nyingine inayopenda kuingia kwenye kapu hili nayo si ya humu: "Akili mnemba hutoa majibu sahihi." Hiyo inapima imani kwa mashine. Ukiijumlisha na kauli za "naweza" unapata alama moja iliyobeba vitu viwili vinavyoweza kwenda njia tofauti. Mwaka 2025 watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitoa utafiti uliohoji wafanyakazi 319 wanaotumia zana hizi kazini. Walioiamini zaidi mashine waliripoti kutumia fikra tunduizi kidogo. Waliokuwa na hakika zaidi na uwezo wao wenyewe waliripoti kutumia fikra hizo zaidi. Ni majibu ya watu kuhusu nafsi zao, kwa hiyo yachukuliwe kwa kiasi, lakini yanatosha kukataza kujumlisha. Kama unataka kupima imani kwa mashine, weka kauli zake tano au sita pembeni na uziripoti pekee.

Kazi kumi zilizochapishwa

Hata kipimo kilichotengenezwa kwa uangalifu wote huo bado ni maneno ya mtu kuhusu nafsi yake. Bila kazi ya kweli mezani hakuna anayejua kama 80 ya Neema na 80 ya Baraka ni kitu kimoja. Hapa ndipo tafiti nyingi zinakwama, kwa kisingizio cha intaneti, umeme na bando. Kisingizio hicho kina jibu rahisi: majibu ya mashine yachapishwe kwenye karatasi.

Andaa kazi kumi. Kila moja ina swali na jibu lililoandikwa kama programu ya akili mnemba inavyojibu, hatua kwa hatua, kwa lugha safi. Matano yawe sahihi kabisa. Matano yawe na kosa ulilolipanda mwenyewe. Kazi ya mwanafunzi ni kusema jibu ni sahihi au si sahihi, kuonyesha mstari wenye kosa, na kuandika ana hakika kiasi gani na uamuzi wake, kuanzia 50 hadi 100. Kwa nini 50? Kwa sababu machaguo ni mawili, na anayebahatisha tu anapata nusu. Karatasi inawaweka wanafunzi wote mbele ya jibu lilelile, jambo ambalo mtandaoni haliwezekani: programu hizi hutoa majibu tofauti kwa swali moja, matoleo yanabadilika, na mwenye akaunti ya kulipia hapati kile anachopata wa bure.

Kosa linapandwaje? Chukua mfano huu. Mkulima wa Uyole ana shamba la mahindi la ekari 2.5. Swali limetoa kiwango cha kilo 60 za naitrojeni kwa hekta (ni namba ya zoezi, si ushauri wa shambani). Ameshaweka mfuko mmoja wa mbolea ya DAP wa kilo 50 kwa kila ekari. Anahitaji mifuko mingapi ya urea? DAP ina asilimia 18 ya naitrojeni, kwa hiyo kila mfuko una kilo 9, na mifuko miwili na nusu ina kilo 22.5. Ekari 2.5 ni karibu hekta 1.01, zinazohitaji kilo 60.7. Zimebaki kilo 38.2. Urea ina asilimia 46, kwa hiyo zinatakiwa kilo 83 hivi: anunue mifuko miwili, na wa pili utabaki na kilo kama 17.

Jibu lenye mtego linaichukua 2.5 kama hekta kwenye mstari wa kwanza tu. Baada ya hapo kila kuzidisha na kila kutoa ni sahihi: kilo 150 toa 22.5 ni 127.5, gawanya kwa 0.46 unapata 277, kwa hiyo mifuko sita. Mwanafunzi anayekagua hesabu kwa kikokotoo atalipitisha, kwa sababu hesabu zote zimenyooka. Atakayelikamata ni yule anayerudi kwenye swali kusoma kipimo, au anayejua kutoka nyumbani kwamba mifuko sita ya urea kwa ekari mbili na nusu, juu ya DAP, ni mingi mno. Uzoefu wa aina hiyo watoto wa Njombe, Mbozi na Mbarali wanao, na ni dhuluma kupima uwezo wao kwa maswali ya treni za Ulaya.

Makosa matano yasifanane. Mbali na la kipimo, weka moja la hesabu ya wazi. Weka la chanzo: jibu linalonukuu takwimu za "sensa ya watu na makazi ya mwaka 2017", wakati sensa zetu za karibuni ni za 2012 na 2022. Weka jibu sahihi kwa swali ambalo halikuulizwa, kwa mfano limeombwa ongezeko kwa asilimia nalo limetoa sehemu ya jumla. La tano liwe la mazingira yetu, na saa ya Kiswahili inafaa sana: ujumbe unasema mgeni anatua Songwe saa 8 mchana, na jibu linapanga gari la kumpokea liwe uwanjani 08:00. Angalizo hapa. Ukiuliza urefu wa safari, mtego haufanyi kazi. Kutoka saa 12:30 asubuhi hadi saa 8 mchana ni saa saba na nusu, na ukizisoma namba hizo kwa kosa kwenye saa ya Kizungu tofauti inabaki ileile. Kosa linaonekana pale tu saa inapohamishiwa kwenye ratiba ya saa 24.

Kuna kosa la muundaji ambalo huharibu zoezi zima: kutega kazi zote. Ikifika ya nne, darasa limeshanusa, na kila jibu linakataliwa bila kusomwa. Mwanafunzi wa namna hiyo ataonekana hodari kumbe amejifunza kukataa tu. Majibu matano sahihi ndiyo yanayomtofautisha mkaguzi na mkataaji. Changanya mpangilio na tengeneza karatasi A na B, kwa kuwa madawati yetu yanabanana na shingo ni ndefu.

Pengo, na kinachofichwa na pengo

Ukishapata karatasi, hesabu ya kwanza ni nyepesi. Chukua wastani wa hakika, toa asilimia ya maamuzi sahihi. Darasa lenye hakika ya wastani 82 na usahihi wa asilimia 60 lina pengo la 22 upande wa kujiamini kupita kiasi. Pengo hilo lina manufaa kuliko wastani wa 4.2, maana linasema wazi kwamba wanafunzi wanapitisha majibu mabovu wakiwa na amani.

Hata hivyo pengo la sifuri si cheti cha usalama. Angalia wanafunzi wawili. Wote wameandika 100 kwenye kazi nne na 50 kwenye kazi sita, wastani 70. Wote wamepata saba kati ya kumi. Pengo lao ni sifuri. Sasa fungua karatasi: wa kwanza amepata zote nne alizoandikia 100, na tatu kati ya zile sita za kubahatisha. Wa pili amepata moja tu kati ya zile nne za 100, na zote sita za kubahatisha. Wa kwanza anajua anachokijua. Wa pili anaongoza kwa hakika mahali anapokosea. Kuwatenganisha kunahitaji alama ya Brier, aliyoipendekeza mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier mwaka 1950 kwa ajili ya kupima utabiri: andika hakika kama desimali, toa 1 kama uamuzi ulikuwa sahihi au 0 kama haukuwa, zidisha tofauti kwa yenyewe, kisha tafuta wastani. Sifuri ndiyo bora. Anayeandika 50 kila mahali hupata 0.25. Mwanafunzi wetu wa kwanza ana 0.15, wa pili ana 0.45. Lahajedwali ya kawaida, kama Excel, inafanya kazi hiyo kwa fomula moja.

Kazi kumi zinatosha kulisoma darasa. Hazitoshi kumhukumu mwanafunzi mmoja, na alama hizi zisiingizwe kamwe kwenye maksi za muhula.

Karatasi ya kauli itangulie, kazi zifuate. Ukizigeuza, wanafunzi watakuwa wameshatikiswa na kazi na hutapata tena walichokuwa wakikiamini walipoingia. Kazi zikiisha, rudia kauli tatu au nne za kukagua. Kushuka kwa namba hapo ni taarifa yenye thamani yake.

Hilo linatupeleka kwenye jambo linalowaumiza waandaaji wa semina. Mafunzo mazuri ya akili mnemba mara nyingi yatashusha namba za kujiamini. Kabla ya mafunzo mwanafunzi anaandika 90 kwa sababu hajui mashine inakosea wapi. Baada ya siku mbili za kuoneshwa vyanzo vya kubuni na vipimo vilivyochanganywa, anaandika 65. Mizani yake ya ndani imebadilika. 90 ya Jumatatu na 65 ya Jumatano hazijapimwa kwa rula moja. Mtafiti asiyelijua hili atatangaza kwamba semina imeshindwa, au atazificha namba. Njia inayotumika ni kumwomba mwanafunzi, mwishoni, aandike namba mbili kwa kila kauli: alipo sasa, na anapoona sasa kwamba alikuwa kabla ya kuanza. Kumbukumbu nayo ina udhaifu wake, kwa hiyo isisimame peke yake. Kigezo changu ni pengo na alama ya Brier: hakika ikishuka kutoka 85 hadi 68 huku usahihi ukipanda kutoka asilimia 55 hadi 65, mafunzo hayo yaendelee yalivyo na fedha zake zisiguswe.

Tunao ushahidi kwamba hisia za mwanafunzi kuhusu kujifunza kwake haziaminiki mashine inapokuwa karibu. Jaribio lililofanyika katika sekondari nchini Uturuki kwa wanafunzi karibu elfu moja wa hisabati, lililochapishwa mwaka 2025, lilionyesha kwamba waliopewa akili mnemba ya GPT-4 ya kawaida walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 48 kwenye mazoezi. Mashine ilipoondolewa, mtihani wao ulikuwa chini kwa asilimia 17 kuliko wa wenzao ambao hawakuwahi kuipata. Wao wenyewe hawakuhisi kwamba wamepoteza kitu. Hojaji ya visanduku vitano ingewasajili kama wanaojiamini, na ingekuwa imerekodi kwa usahihi kabisa jambo lisilo na faida.

Lugha, hesabu na adabu

Kipimo hakitafsiriwi mezani jioni moja. Wape kauli wataalamu sita, wakiwemo walimu wa darasani, kila mmoja aseme kama kauli inahusiana na inachodai kupima. Kwa wataalamu sita, kauli ibaki kama angalau watano wanaikubali (watano kwa sita ni 0.83, juu ya 0.78 inayotumiwa kama mpaka). Halafu keti na wanafunzi wanane hadi kumi, mmoja mmoja, waisome kauli kwa sauti na waeleze wameelewaje kabla ya kujibu. Hapo utagundua, kwa mfano, kwamba "kutumia akili mnemba" kwa baadhi yao ni kufungua Google tu. Hakuna takwimu inayoweza kukuonyesha hilo. Ni masikio tu.

Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza wakati fikra nyingi zinakwenda kwa Kiswahili, kwa hiyo andaa karatasi kwa lugha zote mbili na kila mwanafunzi achague. Usilinganishe wastani wa makundi hayo mawili mpaka uhakiki kwamba kauli zinafanya kazi sawa katika lugha zote. Programu za bure, JASP na jamovi, zina uchambuzi huo.

Kwenye uthabiti, alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha kauli zinakwenda pamoja kiasi gani) ya 0.70 ni mahali pa kuanzia, lakini ikivuka 0.95 usishangilie. Kauli zako pengine zinarudia jambo lilelile kwa maneno mengine, na alfa hupanda hata kwa kuongeza idadi ya kauli tu. Kwa uchambuzi wa vipengele, yaani kutafuta kauli zipi zinaunda kundi moja, tafuta wanafunzi 200 hadi 300, na usiamue idadi ya vipengele kwa kanuni ya zamani ya thamani ya kipengele (eigenvalue) kuvuka 1. Tumia uchambuzi sambamba, unaolinganisha thamani zako na za data za kubahatisha. Usiutumie umati mmoja kugundua muundo na tena kuuthibitisha. Gawa sampuli mara mbili au rudi na darasa jingine.

Wengi huanguka kwenye sampuli. Wanafunzi 400 kutoka madarasa kumi ya watu 40 si watu 400 wa kujitegemea. Walio darasa moja wana mwalimu mmoja, kundi moja la WhatsApp, na wanaambukizana mazoea. Kama kufanana ndani ya darasa ni 0.10 tu (0 ni hakuna kufanana, 1 ni kufanana kabisa), hesabu ni 1 jumlisha 39 (wanafunzi 40 toa mmoja) mara 0.10, yaani 4.9, gawanya 400 kwa 4.9 ubaki na uzito wa watu 82. Madarasa mengi yenye wanafunzi wachache kila moja yana taarifa zaidi kuliko madarasa machache yaliyojaa. Na kiungo cha hojaji kinachorushwa kwenye makundi hujibiwa na wenye bando na wenye kuipenda zana yenyewe. Kisha tunastaajabu kuwa wanajiamini.

Yapo pia malezi yetu. Kijana aliyefunzwa kuamkia na kutobishana na mkubwa hataandika "siwezi" kwenye karatasi itakayokusanywa na mhadhiri anayemsahihisha. Asimamie mtu asiyemfundisha wala kumpa maksi, na karatasi ziende moja kwa moja kwenye bahasha. Jina lisiandikwe. Msimbo unatosha kuunganisha karatasi ya kauli na ya kazi, mathalani herufi mbili za mwisho za jina la mama na tarehe ya kuzaliwa bila mwezi wala mwaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mtafiti wa chuo kama inavyoihusu benki, na kwa walio chini ya miaka 18 mzazi au mlezi aridhie. Kuwapima watu matumizi ya akili mnemba hakumpi mtafiti ruhusa ya kuyamwaga majibu yao ndani ya programu hizohizo ili zimchambulie.

Yote haya yanaingia kwenye vipindi viwili vya dakika 40. Maelekezo na zoezi la mizani dakika 10, kauli 18 zilizobaki baada ya mchujo dakika 12, kazi kumi dakika 45, kauli za kurudia dakika 5, na zinazobaki ni za kugawa na kukusanya. Sekondari ya Ludewa isiyo na maabara ya kompyuta inaweza kushiriki sawasawa na chuo cha mjini, kwa gharama ya kurudufu karatasi steshenari. Wiki inayofuata mtafiti arudi darasani na kazi moja tu: ile ambayo wengi waliikosea wakiwa wameandika 90 na kuendelea. Aiandike ubaoni na jibu lake la mashine kama lilivyokuwa, na wanafunzi wenyewe wautafute mstari.